Maji ya kutolea chumvi

Kando ya baadhi ya nyumba za Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, utauona mpira mwembamba ukichuruzika maji mchana kutwa wakati wa joto. Unatoka kwenye kipozahewa cha mvukizo, mashine ambayo kwetu wauzaji huiita feni ya maji. Mpita njia atasema maji yanavuja. Hayavuji, yanatolewa makusudi, na Kiingereza huyataja kwa kitenzi cha kutokwa damu. Sisi tuyaiteje?

Tuanze na kazi yake. Pampu hupandisha maji kutoka kwenye beseni na kuyamwaga juu ya pedi, kisha feni huvuta hewa kavu ya nje na kuipitisha humo. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto la hewa, nyumba ikapoa. Ndiyo kanuni ya mtungi. Lakini kinachoruka ni maji matupu, chumvi hubaki. Nyumbani kwetu Dodoma, mtungi wa maji ya kisima ulikuwa ukiota unga mweupe tumboni, na kila wiki ulisuguliwa kwa kipande cha gunia. Unga wa namna hiyo ndio unaoziba pedi na kula bati la mashine.

Tufanye hesabu. Chukua maji yenye miligramu 600 za chumvi kwa lita, na mashine inayovukiza lita 12 kwa saa. Kila saa inaachiwa gramu 7.2 za chumvi. Ikifanya kazi saa 10 kwa siku, mwezi mmoja ni zaidi ya kilo 2. Ukitoa lita 4 kwa saa kupitia mpira ule, chumvi ya kwenye beseni itatulia kwenye mara nne ya ile ya bombani. Ukitoa lita 12, itatulia kwenye mara mbili. Ukitoa lita 24, ni mara moja na nusu: umeongeza maji maradufu kwa nafuu ndogo. Upotevu unaanzia hapo.

Sasa tuchague neno. "Uvujaji" haufai, kwa sababu ni kasoro: boya limekwama au beseni limetoboka, na dawa yake ni kuziba. Ukiziba mpira huu, umeua mashine. "Maji taka" nayo yanapotosha, maana maji haya si machafu, yamezidi chumvi tu. Yanaweza kumwagilia mtende, mti unaovumilia chumvi, badala ya kuishia mtaroni.

Napendekeza "maji ya kutolea chumvi". Kauli ya kutendea inatufaa hapa kama inavyotufaa tunaposema maji ya kuogea au ya kunawia: inataja maji pamoja na kazi yake. Na maji yakishajulikana kazi yake, yana kiasi. Hakuna anayenawa mikono kwa pipa zima. Neno hili linamkumbusha mwenye nyumba kwamba penye maji yasiyo na chumvi nyingi atoe kidogo, na penye chumvi nyingi aongeze.

Nawe mwenye feni ya maji iliyofungwa mpira huo, weka chini yake chupa ya lita moja na utazame saa. Kwa mashine ya mfano wetu, inatosha ijae kwa robo saa. Ikijaa mapema zaidi, punguza.