Neno “Boy” na Maisha Yake katika Kiswahili

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi hufundishwa kwanza ni neno “boy”. Kamusi ndogo hulifasiri kwa neno moja tu, mvulana, na mwanafunzi huridhika. Fasiri hiyo ni sahihi, walakini haitoshi. Neno hilo lilipata kuwa na maana nyingine kabla ya hiyo, na liliposafiri nje ya Uingereza lilichukua maana nzito zaidi, ambayo watu wazima wa nchi nyingi, Afrika ya Mashariki ikiwamo, waliibeba mgongoni kwa miaka mingi. Yafaa basi historia yake itazamwe kwa makini.

Asili ya neno “boy” haijulikani kwa yakini. Lilipoanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza, zamani za karne ya 13 na ya 14, lilimtaja mtumishi, au mtu wa daraja ya chini asiye na heshima. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja kushika nafasi ya kwanza baadaye. Kabla ya hapo mtoto wa kiume aliitwa kwa neno ambalo leo huandikwa “knave”. Neno hilo nalo lilitoka katika maana ya mtoto, likaingia katika maana ya mtumishi, na mwisho likawa jina la mtu laghai. Ndugu yake, “knight”, lilianza vilevile kwa maana ya kijana, likapita katika maana ya mtumishi, lakini lenyewe likapanda: likawa jina la askari wa farasi mwenye cheo. Maneno mawili yaliondoka mlango mmoja. Moja likaelekea kwenye heshima na moja kwenye aibu.

Kuchanganya utoto na utumishi si desturi ya Waingereza peke yao. Wayunani wa kale walimwita mtoto na mtumwa kwa neno moja, na Warumi walifanya hivyo pia. Katika Kiarabu “ghulam” ni kijana, na ni mtumwa au mtumishi. Kiswahili kilipolipokea kama ghulamu kilishika zaidi maana ya ujana. Mfaransa naye amezoea kumwita mwandikaji meza kwa neno lenye maana ya mvulana. Sababu yake si ngumu kuiona. Katika jamii za kale mtoto na mtumwa walifanana kwa jambo moja: wote wawili walikuwa chini ya mkono wa mwenye nyumba, wala hawakuwa na sauti barazani. Tofauti ni kwamba mtoto hukua. Mtumwa alizeeka, lakini kwa hesabu ya waliomtawala hakuruhusiwa kukua.

Hata hivyo, si kila atamkaye neno hili hudharau. Waingereza wa makamo waliosoma pamoja huitana “old boy”, na neno hilo hilo ni jina la mtu aliyepata kusoma katika shule fulani. Mama humwita hivyo mwanawe mwenye ndevu. Taifa huwaita hivyo askari wake walio vitani. Na mtu aliyeshangaa hulitamka kama mshangao mtupu, bila ya kumkusudia mvulana yeyote. Baina ya walio sawa neno ni la mapenzi. Likishuka kutoka kwa aliye juu hadi kwa aliye chini ni la amri. Herufi ni tatu zile zile, na sauti ni moja. Kinachobadilika ni nani anasema, na nani hana ruhusa ya kujibu kwa neno lilo hilo.

Neno hili lilikwisha zoea kazi ya kutaja watumishi huko Bara Hindi kabla ya kuenea Afrika ya Mashariki. Kamusi mashuhuri ya Kiingereza cha Bara Hindi, Hobson-Jobson, iliyotungwa na Yule na Burnell na kuchapishwa mwaka 1886, yaeleza kuwa “boy” huko alikuwa mtumishi. Na kwamba kusini mwa nchi hiyo lilikuwa pia jina la mchukuzi wa machela, lililotokana na jina la tabaka la watu katika lugha za wenyeji. Yaani maneno mawili ya asili mbalimbali yalikutana na kusikika kama moja. Wajerumani nao, katika koloni lao la Afrika ya Mashariki, walilitumia neno hili la Kiingereza kwa watumishi wao.

Kiswahili kililipokea neno kama boi, wingi wake maboi. Kikalivika kiambishi cha wingi, kikalipatanisha kama viumbe wengine wenye uhai: boi amekuja, maboi wamekuja. Lakini ifahamike kuwa Kiswahili hakikulitwaa neno zima. Mvulana wa Kiswahili hakuitwa boi. Kutoka katika maana zote za Kiingereza, lugha ilichagua moja tu, ile ambayo wasemaji wake waliisikia kila siku ikiitwa kwa sauti kutoka barazani: mtumishi wa nyumba ya Mzungu. Basi neno boi ni ushahidi wa mahali ambapo lugha mbili zilikutana. Hazikukutana uwanjani penye michezo ya watoto, zilikutana jikoni.

Aliyeitwa hivyo aghalabu alikuwa mtu mzima. Alikuwa na mke na watoto, na katika kijiji chake aliamkiwa shikamoo. Huko alikuwa baba fulani. Mjini, akivuka kizingiti cha nyumba ya bwana wake, umri wake ulibaki nje. Jambo la ajabu zaidi lilitokea katika Kiingereza cha walowezi wa Kenya. Kwa kuwa “boy” alikuwa mtu mzima, mvulana halisi, yule mdogo aliyechanja kuni na kuosha sufuria, alihitaji jina jingine. Walowezi wakachukua neno la Kiswahili mtoto, wakalikata kichwa, wakamwita “toto”. Hivyo baba alipewa jina la mtoto kwa Kiingereza, na mtoto akapewa jina lake kwa Kiswahili kilichovunjika.

Majira ya kuenea kwa neno hili nayo yana maana. Unguja hadhi ya utumwa iliondolewa katika sheria mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Katika miaka iyo hiyo ambayo mtwana alikuwa akitoka katika sheria, boi alikuwa akiingia katika nyumba. Si haki kusema kuwa wawili hawa walikuwa kitu kimoja: boi alilipwa mshahara, na aliweza kuacha kazi. Lakini wote wawili walikosa jambo moja, nalo ni kuitwa kwa kadiri ya umri wao.

Watumishi wenyewe hawakunyamaza. Katika miaka ya 1940 Dar es Salaam kulikuwa na chama cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Kiafrika. Na mwaka 1956 chama cha wafanyakazi wa nyumbani na mahoteli kiligoma katika mji huo. Mwaka uo huo mwandishi wa Kamerun, Ferdinand Oyono, alichapisha kwa Kifaransa riwaya ya mtumishi wa namna hii, na neno “boy” likakaa katika jina la kitabu.

Ng’ambo ya bahari neno lilikuwa na jeraha lake. Marekani, hasa katika majimbo ya kusini, mtu mweusi aliitwa “boy” hata akiwa na mvi. Mwezi wa Februari 1968 wazoa taka wapatao 1,300 wa mji wa Memphis waligoma baada ya wenzao wawili kuuawa na mashine ya gari la taka. Mabango waliyoyachukua yalisema maneno machache: Mimi ni mwanamume. Dai lilikuwa la mshahara na usalama, lakini jibu lilikuwa kwa neno hili. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kuwa neno “boy”, hata bila ya kutajwa rangi ya mtu, laweza kuwa ushahidi wa ubaguzi, ingawa si kila mara. Maana ya msemaji hutegemea mazingira, sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi. Wanasheria walifika pale pale ambapo mwanafunzi wa lugha hana budi kufika.

Katika Kiswahili cha leo neno limechakaa bila ya kufa. Limebaki katika hausiboi, shambaboi na taniboi, ingawa huyu wa mwisho ana jina jingine, utingo. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ndugu lilishika nguvu kama neno la kuitana watu walio sawa; na katika maandishi rasmi hausiboi amekuwa mfanyakazi wa nyumbani. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kwa ajili ya wafanyakazi hao.

Walakini jina jipya halilipi mshahara. Nyumba yaweza kumwita mtu mfanyakazi na kumlaza njaa, kama ilivyowezekana zamani kumwita boi na kumtendea wema. Hata hivyo lugha haikosi sehemu yake. Mtu anayeitwa mtoto hatarajiwi kuwa na hoja. Na asiyetarajiwa kuwa na hoja hupunjwa kwa urahisi. Kumwita mtu kwa kadiri ya umri na kazi yake hakumpatii haki zake zote, lakini humwondolea anayemnyima udhuru mmojawapo.