Uimara Haupimwi Siku ya Sherehe

Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, na sasa nimetulia Kalenga, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Mwaka jana mpwa wangu aliyeko chuo kikuu alinipigia simu usiku. "Mjomba, nataka kuacha. Kila ninachotengeneza kinakufa."

Kazi yake ni kupima uimara wa transista zinazohisi mwanga, zilizotengenezwa kwa perovskaiti. Transista ya namna hii si kitu kigeni. Maabara za Bell za Marekani zilitangaza ya kwanza, kazi ya John Shive, mwaka 1950. Mwanga ukiiangukia, umeme hupita kwa wingi. Giza likiingia, hupungua.

Perovskaiti yenyewe ni madini yaliyoelezwa na Gustav Rose mwaka 1839 kutoka milima ya Ural nchini Urusi. Hata miamba ya Ol Doinyo Lengai inayo. Ile ya maabara ni tofauti: mara nyingi ni chumvi ya madini ya risasi na iodini, ambayo chembe zake zimejipanga kwa mtindo uleule. Hunasa mwanga vizuri mno, lakini ni dhaifu. Unyevu huiharibu, joto huivunja, na umeme ukipita baadhi ya chembe zake huhama mahali pake. Seli za jua za kwanza za aina hii, zilizoelezwa na Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Japani mwaka 2009, ziligeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme, na zilidumu dakika chache.

Basi mpwa wangu huwasha taa na kuizima mara nyingi, hukiacha kifaa hewani siku baada ya siku, hupima umeme wake gizani na mwangani, kisha hulinganisha na siku ya kwanza. Kila mara hukuta umepungua.

Nikamkumbusha ngome ya kwetu. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na nani angedhani ukuta wa mawe wa Kalenga ungeanguka? Tarehe 30 Oktoba 1894 ukaanguka mbele ya mizinga. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi alipokufa mwaka 1898. Fuvu lake, lililorudishwa mwaka 1954, limo katika makumbusho ya hapa kijijini.

"Ukuta ule," nikamwambia, "ulikutana na mizinga mara ya kwanza siku ya vita, na walioupima walilipa kwa damu. Vyako vinakufa mezani, mwanangu, ili visije vikamwangusha mtu anayevitegemea. Huko si kushindwa. Ndiyo kazi yenyewe."

Alinyamaza kitambo, akaniaga.

Juzi kaniletea ujumbe: kifaa kimoja, alichokifunika kwa plastiki nyembamba, kimemaliza mwezi. Nikafurahi kama mzazi, lakini nikamjibu kama mwalimu: kipime mwezi mwingine.