Uzito wa Taji: Mabingwa wa Mpira wa Kikapu wa Vyuo Vikuu vya Marekani katika Enzi Tofauti

Mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, yalianza mwaka 1939 kwa timu 8. Oregon ikawa bingwa wa kwanza kwa kuifunga Ohio State 46–33. Tangu 2011 timu zinazoingia ni 68. Taji ni lilelile, ila njia ya kulifikia imegeuka mno hata kuhesabu mataji peke yake kumekuwa kipimo dhaifu cha ubora.

Hoja hii huanzia kwa UCLA ya kocha John Wooden, iliyotwaa mataji 10 kati ya 1964 na 1975, 7 kati yake mfululizo kuanzia 1967 hadi 1973. Katika kila moja ya misimu hiyo 7 ilitosha kushinda michezo 4 ya mtoano. Bingwa wa leo hucheza 6 au zaidi. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka ipigiwe hesabu. Timu yenye uwezekano wa asilimia 90 wa kushinda kila mchezo ina takriban nafasi 5 katika 100 za kutwaa mataji 7 mfululizo kwa michezo 4 kila mwaka. Kwa michezo 6, inabakiwa na nafasi 1 hivi.

Zito zaidi ya urefu wa njia ni mlango wa kuingilia. Hadi 1974 kila ligi ilipeleka timu moja tu. Mwaka 1971 USC, jirani wa UCLA mjini Los Angeles, ilishinda michezo 24 na kupoteza 2, yote miwili mbele ya UCLA, ikabaki nje. Mwaka 1974 Maryland ilifungwa 103–100 na North Carolina State katika muda wa nyongeza wa fainali ya ligi yao. North Carolina State ikaenda kuwa bingwa wa taifa, Maryland ikarudi nyumbani. Msimu uliofuata timu zikawa 32, na ligi moja ikaweza kupeleka zaidi ya timu moja.

Anayeishia hapo, hata hivyo, anaidhulumu UCLA, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliibana nayo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kuu hadi msimu wa 1972–73. Novemba 1965 kikosi cha mwaka wa kwanza cha UCLA, akiwemo Lew Alcindor (baadaye Kareem Abdul-Jabbar), kiliifunga timu kuu ya chuo hichohicho, bingwa mtetezi, 75–60. Msimu huo timu kuu haikufika hata kwenye mashindano. Kwa kanuni za leo, pengine mataji yangekuwa 11. Hata danki (kuuingiza mpira kikapuni kwa nguvu kutoka juu) ilipopigwa marufuku mwaka 1967, Alcindor alitwaa mataji mengine mawili bila hiyo.

Mwendo wa mchezo nao una uzito wake. Mwaka 1985 Villanova iliishangaza Georgetown 66–64 katika fainali isiyo na ukomo wa muda wa kurusha, ikifunga mitupo 22 kati ya 28. Mashambulizi yakiwa machache, timu dhaifu hupata mwanya zaidi. Msimu uliofuata kukawekwa ukomo wa sekunde 45, kisha mtupo wa pointi 3 ukafuata.

Kwa mizani hiyo, mataji mawili ya UConn, 2023 na 2024, yanaikaribia kazi ya Wooden kuliko idadi inavyoonyesha. Ilishinda michezo 12 ya mtoano, hakuna hata mmoja kwa tofauti chini ya pointi 13, ingawa wachezaji 3 kati ya 5 wa kikosi cha kwanza waliondoka baada ya taji la kwanza. UCLA ya mchezaji Bill Walton ilitwaa mataji ya 1972 na 1973 kwa nguzo ileile. Mwaka 2025 UConn ilitolewa mapema na Florida, 77–75, na Florida ndiyo iliyotawazwa.