Maneno yanayobadilika ukivuka Bunagana

Mtu wa Kalengera anayekimbilia Uganda hupita Rutshuru, akapanda hadi Bunagana, na pale akavuka mpaka. Mashamba ya upande huu na ya upande ule yanafanana. Kinyabwisha cha huku na Kifumbira cha kule vinaelewana, na penye pengo Kiswahili kinajaza. Kinachobadilika ni karatasi. Huku karatasi huandikwa kwa Kifaransa, kule kwa Kiingereza. Na kwenye karatasi za wakimbizi kuna neno ambalo kila aliyemaliza darasa la sita anadhani analijua: "case".

Kwa Kifaransa cha shuleni, "case" ni kibanda cha kienyeji. Pia ni kile kisanduku kidogo cha kwenye fomu ambamo mtu anatia alama ya msalaba. Kwa hiyo baba wa familia akisoma "case number" anaweza kufikiri amepewa namba ya nyumba, akaanza kuuliza hiyo nyumba iko wapi. Hakuna nyumba. Ile ni namba ya faili la familia yake, na akiipoteza au akiidharau, anapata shida kila mahali anapopaswa kujieleza. Kwa Kiingereza "case" ni faili, ni kesi ya mahakamani, ni mgonjwa mmoja kati ya wagonjwa wa kipindupindu, ni sanduku la nguo, na ni kreti ya soda. Kibanda hakimo.

Kosa si la msomaji. Maneno haya yanafanana kwa sababu lugha hizi mbili zilikaa nyumba moja zamani, kisha zikatengana. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari na jeshi lake akaiteka Uingereza. Kwa miaka mingi baada ya hapo wakubwa wa nchi na mahakimu walitumia Kifaransa, huku wakulima wakiendelea na Kiingereza chao. Mpaka leo dalili inaonekana mezani: ng'ombe akiwa malishoni Mwingereza anamwita "cow", neno la mchungaji, akishapikwa anaitwa "beef", neno lililotoka kwa wale waliokuwa wanamla. Maelfu ya maneno ya Kifaransa yaliingia kwa njia hiyo, hasa ya mahakama, ya kodi na ya utawala. Yaani yale yale yanayojaa kwenye fomu.

Yakishaingia, hayakukaa kimya. Neno likitumika kila siku kwa mamia ya miaka linaota matawi. Kamusi kubwa ya Oxford ilianza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na ikakamilika mwaka 1928, na neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set", kineno cha herufi tatu. Wanaoisahihisha kamusi hiyo siku hizi wamehesabu maana 645 za kitenzi "run" peke yake. Mto una-"run", mashine ina-"run", pua yenye mafua ina-"run", na mtu anayegombea urais naye ana-"run". Si maneno magumu yanayomsumbua mgeni wa Kiingereza. Neno gumu lina maana moja, na ukiuliza unaambiwa. Linalopotosha ni lile fupi ambalo hakuna anayeona haja ya kuliuliza.

Kwa watu wa Bwisha, mpaka wa lugha ulichorwa kwa mkono. Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani walikaa Brussels wakagawana eneo la volkano. Bufumbira, ambako leo kuna Kisoro, ikawa ya Waingereza. Bwisha, pamoja na Rutshuru, ikabaki kwa Wabelgiji. Ndugu waliokuwa wakioana na kuuziana maharagwe wakajikuta watoto wao wanafundishwa lugha mbili tofauti za Ulaya.

Lakini Kiingereza hakikungoja Bunagana. Kilikuwa kimeshapenya Kongo, tena kupitia midomo ya Wabelgiji wenyewe. "Boy" kwa Mwingereza ni mtoto wa kiume. Katika makoloni neno hilo lilitumika kumwita mtumishi, hata akiwa mzee wa miaka 50 mwenye wajukuu, na Wabelgiji wakalichukua hivyo hivyo likiwa na tusi lake ndani. Ndiyo "boyi" wa nyumbani, na "boyerie", kile chumba cha nyuma cha mtumishi kwenye nyumba za zamani za wazungu. Ndiyo pia "boy-chauffeur", msaidizi anayepakia mizigo na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu lori likisimama mlimani. Mkongomani akienda Kampala akisikia mama anamwambia jirani yake amejifungua "boy", hakuna utumishi hapo. Ni mtoto tu.

Neno linaloweza kumgharimu mtu zaidi ni "appeal". Limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, neno lile lile lililozaa "appel" ya leo. Aliyesoma Kongo anaijua "appel" tangu siku ya kwanza ya shule: mwalimu anasimama mbele, anasoma majina, na kila mtoto anajibu yupo. "Appel" ni pia kupiga simu. Kwa mwanasheria ni rufaa, lakini ni wangapi wamewahi kusimama mbele ya mwanasheria?

Kwa Kiingereza, "appeal" haina kuita majina. Ina rufaa. Ina pia ombi la fedha: Umoja wa Mataifa ukitangaza "appeal" kwa ajili ya Kongo, maana yake unaomba nchi tajiri zitoe pesa, si kwamba pesa zimefika. Na ina maana ya mvuto, kama wa nguo nzuri au wa mwanasiasa anayependwa. Sasa tazama mtu ambaye ombi lake la ukimbizi limekataliwa Uganda. Sheria ya wakimbizi ya nchi hiyo, ya mwaka 2006, inampa siku 30 za kupeleka rufaa kwenye bodi ya rufaa ya wakimbizi. Barua inasema ana siku 30 za "appeal". Yeye, kwa masikio ya shule yake, anaweza kusikia kwamba ndani ya siku 30 kutakuwa na wito wa majina. Anakaa. Kila asubuhi anakwenda kusikiliza kama ataitwa. Siku ya 31 inapita, hakuna aliyemwita, na hakuna aliyepaswa kumwita. Yeye ndiye aliyetakiwa kwenda.

Mengine yana hatari ndogo, ila yanachosha. "Location" kwenye fomu ya Kiingereza ni mahali mtu alipo; kwa Kifaransa ni kupangisha, kwa hiyo mtu anaandika hana nyumba ya kupanga. Hapa, kwa kweli, Kifaransa ndicho kilichobaki karibu na Kilatini, maana kwa Warumi neno hilo lilikuwa la kupangisha. "Relief" kwa mwanafunzi wa jiografia wa Rutshuru ni umbo la nchi: Nyiragongo, Mikeno, bonde la mto Rutshuru. Kwa Kiingereza maana hiyo ipo kwenye ramani, lakini kambini "relief" ni msaada: unga, mafuta, sabuni.

Halafu kuna neno linalowagusa wote, waliovuka na wasiovuka. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta amri ya Nantes iliyowapa Waprotestanti wa nchi yake uhuru wa kuabudu. Wengi walitorokea Uingereza, na neno walilojiita, "réfugié", likaingia Kiingereza pamoja nao likawa "refugee". Mwanzoni lilikuwa jina la kundi moja la watu. Leo ni jina la kisheria lenye mipaka yake. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtambua mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuogopa kuteswa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza anayekimbia vita na machafuko, lakini naye ni lazima awe amevuka mpaka. Asiyevuka anaitwa "displaced". Afrika ilimwandikia mkataba wake Kampala mwaka 2009, ukaanza kutumika Desemba 2012.

Kiswahili hakina mpaka huo. Mtu akikimbia ni mkimbizi, basi. Warundi waliopokelewa Lusenda, Kivu ya Kusini, tangu 2015 ni wakimbizi, na mtu wa Rutshuru aliyejenga kibanda cha bashi Kanyaruchinya mwaka 2022 ni mkimbizi vile vile. Kwa moyo wa binadamu hilo ni sawa kabisa, na pengine Kiswahili ndicho chenye haki hapo. Lakini ofisi inayowashughulikia Warundi si lazima iwe ndiyo inayomshughulikia mtu wa Rutshuru, na orodha zao ni mbili. Tangazo la redio likisema "wakimbizi" bila kuongeza "wa ndani" au "kutoka nchi nyingine", mama anaweza kutembea asubuhi nzima na mtoto mgongoni kufuata mgao ambao jina lake halimo.

Na lipo "camp". Asili yake ni Kilatini, "campus", yaani uwanda, shamba lililo wazi. Warumi walikuwa na uwanda wao wa kufanyia mazoezi ya kijeshi, na kutoka neno hilo yamezaliwa mengi: "champ" ya Kifaransa ambayo ni shamba, "champion" ambaye kwanza alikuwa mpiganaji wa uwanjani, na "campaign", safari ya vita iliyogeuka kuwa kampeni ya uchaguzi. Mkulima wa Kalengera ameacha "champ" akaishia "camp". Ni neno lile lile limemzunguka.

Kiswahili kilikuwa na "kambi" kabla Mwingereza hajatawala popote bara. Richard Burton, aliyesafiri na misafara ya pwani kuelekea ziwa Tanganyika kuanzia 1857, aliliandika kama jina la kituo ambapo wapagazi walilala. Baadaye Union Minière ya Katanga ikajenga kambi za wafanyakazi, na kambi ikawa nyumba za mstari na king'ora cha asubuhi. Kwa jirani za Rumangabo, kambi ilikuwa ya askari. Kisha Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia Goma kwa siku chache, Kibumba, Katale na Kahindo zikajaa mahema kandokando ya barabara ya Rutshuru, kipindupindu kikaua maelfu, na tangu hapo kambi katika Kivu ya Kaskazini imekuwa kwanza kabisa bashi, foleni ya maji na jetoni ya mgao. Februari 2025, baada ya M23 kuuchukua mji wa Goma, kambi zilizouzunguka zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wengine walirudi. Wengine walitafuta barabara ya Bunagana.

Uganda yenyewe hailipendi neno hilo. Serikali inasema "settlement", kwa sababu mkimbizi anapewa kipande cha ardhi alime, hafungiwi. "Settlement" pia ni mapatano ya watu waliogombana, na ni kumaliza kulipa deni, ila hayo ni ya mahakamani na ya dukani. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ndiyo moja ya "settlement" za zamani zaidi barani Afrika, tangu mwisho wa miaka ya 1950. Imegawanywa katika kanda tatu: Juru, Rubondo, na ile yenye ofisi, ambayo jina lake rasmi hadi leo ni Base Camp. Mtu akimpigia simu ndugu yake aliyebaki Kalengera hasemi yuko "settlement". Anasema: niko kambini.