Shilingi Mia kabla ya Kuachishwa Ziwa

Katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 279, kuna kifungu kinachonihusu mimi. Kinasema kwamba mwanamume akitaka kumhalalisha mtoto aliyemzaa nje ya ndoa, ana njia mbili: amwoe mama wa mtoto, wakati wowote ule, au amlipe baba wa huyo binti shilingi mia kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Mimi nilipita njia ya pili. Baba yangu alikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa darasa la nane kule Kwimba, na mimi nilikuwa na meno manne.

Shilingi zenyewe zilikuwa bado zile za Afrika Mashariki, kwani shilingi ya Tanzania ilianza kutumika 1966. Mia moja ilikuwa pauni tano za Uingereza kamili. Babu aliuza dume, akajazia na fedha za pamba za msimu ule, na alipozihesabu mbele ya wazee wa upande wa mama, mmoja wao alisema wanapunjwa, maana mtoto ni wa kike. Hakuwa mchoyo. Kwa Wasukuma ng'ombe wa mahari ndio walioamua mtoto ni wa nani: mahari ikilipwa, watoto ni wa ukoo wa baba, isipolipwa, wanabaki kwa baba wa mama yao, na msichana akikua ng'ombe zake zinaingia zizi la huko huko. Mzee yule alikuwa anaona kundi zima la baadaye likiondoka kwa bei ya dume mmoja.

Kanuni zile zilikuwa zimekusanywa zamani kidogo. Mtu aliyezihangaikia kuliko wote ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, akaandika kitabu cha sheria na mila za Wasukuma kilichotoka 1953. Karibu na wakati wa uhuru alipewa kazi ya kuzipatanisha sheria za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe kitu kimoja. Alifariki 1962, kabla Tamko halijachapwa. Nimelitumia Tamko hilo karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa sababu nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, na humo ndimo kesi za mila zinamosikilizwa. Ukilisoma kwa utulivu unauona mkono wa wazee wenye mazizi. Linajua vizuri nani alipwe, lini, na kiasi gani. Mwanamume aliyetajwa na mwanamke kuwa ndiye baba hawezi kukana mpaka athibitishe kwamba hakukutana naye kimwili. Yote hayo yamo. Mtoto akishahesabiwa kuwa wa baba, nani anambeba usiku akilia? Hapo Tamko halina neno, kwa kuwa wazee walijua jibu: wanawake wa nyumbani kwa baba.

Nyumbani kwa baba yangu mwanamke wa kunibeba hakuwapo. Bibi alikuwa amefariki miaka miwili kabla yangu, na wake wengine wa babu walikuwa na wachanga wao. Mama yangu, ambaye hakutimiza miaka kumi na saba, aliolewa mbali, na mumewe hakutaka mtoto wa mtu. Kwa hiyo kijana wa darasa la nane aliacha shule akabaki na mimi.

Haya aliyonisimulia mwenyewe alikuwa akiyasimulia kwa kicheko, lakini vicheko vyake vilikuwa na mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi aliouzoea. Alinibeba mgongoni kwa khanga ya marehemu mama yake. Wanaume wenzake waliokuwa wakipalilia pamba walimwita mama fulani, kwa jina langu, na jina likamkaa mpaka anapata mvi. Maziwa ya ng'ombe aliyachemsha akayachanganya na maji, kwa kuwa mke mkubwa wa babu alimwambia mazito yanamfunga mtoto choo. Uji wa mtama aliuchuja kwa kitambaa. Ulikuwa mwaka wa njaa ya usingizi, ndivyo alivyosema: chakula kilikuwapo, usingizi hakuna. Alijifunza kulima na mimi nimelala kivulini, akiondoka kila baada ya mistari michache kuja kutazama siafu.

Kliniki ndiko alikochukia. Akina mama walikaa benchini na watoto wao, naye akiwa katikati, mvulana asiyeota ndevu. Mwuguzi alimuuliza, "Mama yake yuko wapi?" Akajibu, "Ni mimi." Benchi zima likacheka. Kadi ilikuwa na mstari wa jina la mama na haikuwa na mahali pa kuandika mlezi mwingine, basi mwuguzi akaandika jina la baba hapo hapo. Nilikua na kadi inayoonyesha kwamba mama yangu ana jina la kiume.

Wakati huo huo nchi ilikuwa na sheria nyingine kabisa juu ya jambo hili, ambayo wazee wa Kwimba hawakuwa na habari nayo. Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na mwenye kuisoma hakosi kuona ilikotoka. Uingereza ilikuwa na sheria ya 1872 iliyomruhusu mwanamke asiye na mume amshtaki baba wa mtoto, naye akaamriwa kulipa shilingi tano kwa wiki, isizidi. Shabaha ilikuwa kuzipunguzia parokia mzigo wa kulisha maskini. Huku kwetu hakukuwa na parokia zenye mzigo huo, lakini sheria ililetwa na mifupa yake: mama ndiye anayekwenda kwa hakimu, anatakiwa aende ndani ya miezi kumi na miwili tangu kujifungua isipokuwa kama baba ameshatoa fedha katika muda huo, na kiwango cha juu ni shilingi mia kwa mwezi.

Mia tena! Ile ya mila ilikuwa mara moja, hii kila mwezi. Kiwango hicho kikakaa kwenye vitabu wakati shilingi inazidi kuporomoka. Sheria hiyo ilifutwa 2009, na mwaka huo shilingi mia haikutosha nauli ya mtu mzima kwenye daladala.

Kenya nao walikuwa na ya kwao ya 1959. Bunge lao, lililojaa wanaume, liliifuta 1969, na wanawake wasio na waume wakabaki bila pa kushtaki. Sisi tuliibakiza, ikafa kwa uzee.

Zikilinganishwa sheria hizi mbili zilizoishi pamoja nchini mwetu, moja ilimruhusu baba aje, mradi ana fedha mkononi. Nyingine ilimngoja aletwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 ikaongeza dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baba yangu, kwa bahati, alikuwa amemaliza kazi yake ya miaka ile saba. Mwaka huo mimi nilikuwa ninajipikia ugali.

Nilipoingia kazini miaka ya themanini, kesi za kukomboa mtoto zilikuwa bado zinakuja, chache. Kijana anakuja na baba yake, wanalipa, tunaandika. Sijawahi kuona hakimu akimuuliza kijana umri wa yule binti kwa nia ya kumfunga. Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Ilihitajika, mafaili niliyoyashika ya watu wazima na watoto wadogo sitayaeleza hapa. Ila ilipanga pia mambo ya wavulana: kufanya tendo na msichana wa chini ya miaka kumi na minane ambaye si mkeo ni kubaka, hata akiridhia, mkosaji mwenye miaka kumi na minane au pungufu, kwa kosa la kwanza, anachapwa viboko tu, na aliyezidi hapo ni miaka thelathini jela. Mwaka 2002 kanuni za elimu zikaruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuingia kwenye ndoa. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa: kumpa mimba mwanafunzi, miaka thelathini.

Matokeo nimeyaona kwa macho. Zamani wazee walimtafuta kijana ili alipe; sasa kijana mwenyewe hukimbilia visiwani kuvua au machimboni Geita kabla tumbo halijaonekana, na mara nyingi ni mama yake mzazi anayempa nauli. Upande wa binti nao hukataa kumtaja, maana wanajua akifungwa hatapeleka hata kopo la maziwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni, na Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu. Wasichana wamerudi, nami nimefurahi. Wavulana waliokimbia hawana waraka unaowafuata kisiwani.

Na hapa ndipo historia inaponichekesha kwa uchungu. Sheria ya Mtoto ya 2009, ile iliyoizika ya 1949, ndiyo ya kwanza kumfungulia mlango mtu kama baba yangu bila kumdai shilingi mia. Anayeweza kuomba mahakama itamke nani ni baba wa mtoto ni mtoto mwenyewe, au mzazi, au mlezi, au afisa ustawi wa jamii. Mzazi, yeyote. Mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Mambo safi.

Muda mfupi kabla sijastaafu alikuja kijana mmoja na mtoto wa kiume begani, amemfunga kwa shuka la kitenge, vibaya. Nikamfunga upya kabla hatujazungumza. "Shikamoo mama." Binti alikuwa ameondoka kwenda kwa dada yake mjini, mtoto kamwachia yeye. Alitaka atambuliwe kisheria, ili wajomba wasije kumchukua mtoto baadaye. Nikamweleza kwamba maombi ya namna hiyo huenda Mahakama ya Watoto, siyo kwetu, na kwamba ataulizwa habari za mama.

"Na tarehe yake ya kuzaliwa?"

Nikamwambia huenda.

Akahesabu kwa vidole, kwa siri, chini ya miguu ya mtoto. "Basi mama, si ninakwenda kujifunga mwenyewe?"

Nikamwambia ukweli: hii ya mtoto ni ya mwaka 2009, ile ya makosa ya kujamiiana ni ya 1998, zote mbili ziko hai, na hakimu anazijua zote mbili.

Akaniuliza kama ipo ya tatu.