Waajemi wa Kale na Vita vya Bahari ya Shamu

Waajemi wa kale ni watu wa nyanda za juu za Iran waliojenga madola makuu yaliyotawala kwa zamu: la Waakemeni (karibu 550–330 KK), la Waparthi (karibu 247 KK–224 BK) na la Wasasani (224–651 BK). Kwa zaidi ya miaka elfu moja walipigana na Wagiriki, kisha na Warumi. Sehemu ya ugomvi huo ilipiganwa upande wetu huu, kwenye Bahari ya Shamu, na dola la Kiafrika la Aksum lilishiriki kwa nguvu zake na kwa faida yake.

Msomaji wa bara, wa Kimbo au Thika, huwajua Waajemi kupitia Biblia: Koreshi katika kitabu cha Ezra, Ahasuero katika kitabu cha Esta. Msomaji wa Lamu au Unguja huwajua kupitia masimulizi ya Washirazi, wanaosemwa kuwa walitoka Uajemi. Katikati ya hayo mawili kuna kipande kirefu cha historia ambacho hutajwa mara chache mno, ilhali ndicho kinachotuhusu zaidi.

Wagiriki, na upinde wa Kushi

Jeshi la mfalme Mwajemi Dario I lilishindwa na Waathene huko Marathon mwaka 490 KK. Mwanawe Xerxes alirudi na jeshi kubwa zaidi mwaka 480 KK, akapenya Thermopylae na kuichoma Athens, lakini merikebu zake zikapigwa Salamis, na mwaka uliofuata jeshi lake la nchi kavu likashindwa Plataea. Aleksanda Mkuu alimshinda Dario III huko Gaugamela mwaka 331 KK, na mwaka 330 KK Persepolis ikateketezwa.

Kabla ya hayo yote, Kambisi mwana wa Koreshi aliiteka Misri mwaka 525 KK, kisha akaelekeza jeshi kusini, kwenye nchi ya Kushi. Herodotus anasimulia kwamba alitanguliza wapelelezi waliojifanya wajumbe wenye zawadi. Mfalme wa kusini aliwatambua, akawapa upinde na ujumbe: Waajemi waje siku watakapoweza kuuvuta upinde mkubwa kama huo bila taabu. Jeshi lilikuwa limeondoka bila akiba ya chakula. Wakala wanyama wa mizigo, wakala majani, na walipoingia mchangani wakaanza kupiga kura, mmoja katika kila kumi aliwe na wenzake. Kambisi akageuza. Herodotus alikuwa Mgiriki asiyempenda Kambisi, na simulizi lake lisomwe hivyo.

Hata hivyo, anaeleza pia kwamba Wakushi waliopakana na Misri walipeleka Uajemi, kila mwaka wa tatu, dhahabu, magogo 200 ya mpingo, wavulana watano na pembe 20 za ndovu. Kwenye ngazi za Persepolis bado wapo, wamechongwa katika jiwe, mmoja wao akiwa na pembe begani. Na katika jeshi la Xerxes walikuwemo wapiga mishale wa Kushi, wamevaa ngozi za chui na simba, nusu ya mwili wameipaka chokaa na nusu udongo mwekundu.

Warumi na njia ya hariri

Warumi waliwakuta Waparthi kwenye Mto Frati. Mwaka 53 KK jemadari Crassus aliuawa baada ya jeshi lake kuangamizwa Carrhae. Mwaka 260 BK mfalme Msasani Shapur I alimteka Kaisari Valerian akiwa hai. Mpaka ulisogezwa huku na huko kwa karne nyingi bila upande wowote kuumaliza mwingine, kwa hiyo kila mmoja akatafuta pa kumbana mwenzake, na biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa mahali hapo.

Aksum ilisimama mlangoni. Bandari yake ya Adulis, katika pwani ya Eritrea ya leo, ilipitisha pembe za ndovu, dhahabu na bidhaa za India. Mani, aliyeanzisha dini yake ndani ya dola la Wasasani katika karne ya 3, aliitaja Aksum kuwa mojawapo ya falme nne kubwa za dunia. Ilikuwa na sarafu zake yenyewe za dhahabu, na tangu Mfalme Ezana, katika karne ya 4, ilikuwa nchi ya Kikristo, jambo lililoikurubisha na Roma.

Mfanyabiashara Cosmas, aliyefika Adulis mwanzoni mwa karne ya 6, ameacha kisa cha Sopatros, Mrumi aliyesafiri hadi Sri Lanka pamoja na watu wa Adulis. Mfalme wa kisiwa alimuuliza yeye na mjumbe wa Uajemi ni nani kati ya watawala wao aliye mkuu. Mwajemi akajisifu. Sopatros akaomba sarafu mbili ziwekwe mbele ya mfalme: ya Kirumi ya dhahabu na ya Kiajemi ya fedha. Mfalme akazitazama, akampa Mrumi ushindi na kumzungusha mjini juu ya ndovu kwa ngoma.

Mwaka 523 Yusuf Dhu Nuwas, mfalme wa Himyar (Yemen) aliyefuata dini ya Kiyahudi, aliwaua Wakristo wengi wa Najran, akawaandikia Waajemi na mshirika wao wa Hira wafanye vivyo hivyo. Mwaka 525 Mfalme Kaleb wa Aksum alivuka bahari kwa msaada wa merikebu kutoka bandari za Kirumi, akamwondoa. Karibu mwaka 531 Kaisari Justinian alimtumia Kaleb ujumbe: Wahabeshi, yaani watu wa Aksum, wanunue hariri India na kuwauzia Warumi, ili fedha ya Roma isiingie tena mifukoni mwa adui. Mwandishi Malalas anamwonyesha Kaleb akiwapokea wageni juu ya jukwaa lililobebwa na ndovu wanne, kifua wazi, kitambaa cha kitani na dhahabu kiunoni, mkononi ngao ndogo na mikuki miwili iliyopakwa dhahabu.

Mpango ulikufa. Mwandishi Procopius anatoa sababu ambayo mchuuzi yeyote ataielewa: wachuuzi wa Kiajemi walikaa katika bandari ambako merikebu za India zilitia nanga kwanza, wakanunua shehena nzima.

Yemen ikabaki mikononi mwa Abraha, Mhabeshi aliyejitenga na Kaleb, yule ambaye mapokeo ya Kiislamu humhusisha na Sura ya Ndovu. Alipokarabati bwawa la Marib mwaka 548, maandishi yake yanataja wajumbe wa Aksum, wa Roma na wa Uajemi kwa pamoja. Ndiyo siasa ya ukanda huo kwa ufupi.

Mishale ya Wahriz

Karibu mwaka 570, mwana wa mfalme wa Himyar, Sayf bin Dhi Yazan, aliomba msaada Roma akakataliwa, kisha akamwendea Khosrow I wa Uajemi. Kwa mujibu wa mwanahistoria Tabari, Khosrow alitoa wafungwa 800 katika merikebu nane chini ya mzee Wahriz. Mbili zilizama. Wahriz alipotua alizichoma zilizosalia ili pasiwe na wa kufikiria kurudi. Siku ya vita nyusi zake zilizomwangukia machoni zilifungwa juu kwa kitambaa. Akaulizia Masruq mwana wa Abraha yuko wapi, akaonyeshwa kito kilichong'aa juu ya paji lake, akakilenga. Masruq akaanguka.

Sayf alipouawa baadaye na walinzi wake Wahabeshi, Wahriz alirudi na Yemen ikawa jimbo la Uajemi. Mwaka 619 Waajemi waliiteka pia Aleksandria, na Misri ikawa yao kwa karibu miaka 10, hadi ushindi wa Kaisari Heraclius. Kushindwa kwa Warumi katika vita hivyo kunatajwa mwanzoni mwa Sura ya Ar-Rum. Aksum ilipoteza milki yake ya ng'ambo, na katika karne ya 7 ikaacha kufua sarafu. Gavana wa Kiajemi wa Yemen, Badhan, anahesabiwa katika mapokeo kuwa alisilimu mwaka 628.

Washirazi wa masimulizi ya Lamu na Unguja si watu wa vita hivi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107 BK), karne kadhaa baada ya Wasasani kuanguka. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa wanaume wenye asili ya Uajemi walianza kuoa wanawake wa Kiafrika katika miji ya pwani yetu karibu mwaka 1000.