Mwanga na kivuli: Picha ya wavulana watatu iliyomvuta Cartier-Bresson kwenye kamera

MWANGA na kivuli ndivyo nyenzo kuu za mpigapicha wa picha zisizo na rangi. Hana wekundu wala kijani cha kumsaidia kumtenga mtu na mandhari. Ana weusi, weupe na kijivu kilicho kati yake. Miongoni mwa mifano mashuhuri ni picha ya wavulana watatu wakikimbilia mawimbi, iliyopigwa na Martin Munkácsi karibu mwaka wa 1930.

Munkácsi alizaliwa mwaka wa 1896 katika mji wa Kolozsvár, Hungary ya wakati huo, ambao leo ni Cluj-Napoca nchini Romania. Alipata umaarufu kwa picha za michezo jijini Budapest, kisha mwaka wa 1928 akahamia Berlin na kufanyia kazi gazeti la Berliner Illustrirte Zeitung. Kazi ya michezo ilimzoeza kunasa tendo likiwa bado linaendelea.

Katika picha hiyo, wavulana wanaonekana kwa nyuma. Povu la maji linarudisha mwanga mwingi kuliko miili yao, hivyo miili imebaki maumbo meusi mbele ya weupe. Kwa kuwa sura hazionekani, jicho la mtazamaji linafuata mikono iliyotupwa hewani na miguu inayokatiza maji. Kivuli kimeondoa mengine yote, kikaacha mwendo na furaha.

Mfaransa Henri Cartier-Bresson (1908-2004), aliyekuwa amesomea uchoraji, aliiona picha hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baadaye alieleza kwamba ndiyo iliyomsukuma kushika kamera. Mnamo 1932 alipiga jijini Paris picha ya mtu akiruka dimbwi nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare. Huyo naye ni umbo jeusi, na kivuli chake kinamngoja majini kabla kisigino hakijagusa.

Hata hivyo, kivuli kilichoipamba picha ya Munkácsi kimeficha pia. Majina ya wavulana hayaambatani nayo. Kwa miaka mingi imeitwa picha ya Ziwa Tanganyika, ilhali wataalamu wengine wanaitaja Liberia, nchi ambayo Munkácsi aliizuru kwa kazi ya gazeti lake. Kati ya mahali hapo pawili pana sehemu kubwa ya upana wa bara. Kwa wakazi wa Kigoma au Bujumbura, mjadala huo unahusu ufuo wao wenyewe.

Uzuri wa picha haupungui kwa kukosa anwani, lakini haki ya waliopigwa hupungua. Basi anayetazama picha za namna hii na ajiulize mambo mawili: mwanga umetoka wapi, na kivuli kimemficha nani?